Mnyonge Mlangoni: Wateule Wanyonge katika Biblia na katika Masimulizi ya Homa Bay na Migori

Utangulizi

Waswahili husema, "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni." Methali hii hucheza na mlio wa maneno, ila mchezo wake ni mchungu. Inakubali kwamba mnyonge ataonewa, kisha inamtaka yule yule anayemwonea asimnyime stahili yake. Anayesemeshwa katika methali hii si mnyonge, bali ni mwenye nguvu za kunyonga.

Biblia nayo imesheheni masimulizi ambamo Mungu hutenda kazi zake kupitia watu wasiotarajiwa: mchungaji wa kondoo, mjane aliyeishiwa, kijakazi aliyetekwa vitani, wavuvi wasio na elimu. Aghalabu masimulizi haya hufasiriwa kama ahadi kwamba aliye chini leo atakwezwa kesho. Ufasiri huo una ukweli wake, lakini hautoshi. Makala haya yanashikilia kwamba katika msuko wa masimulizi hayo anayewekwa kwenye mizani ni yule anayemtazama mnyonge: baba, nabii, mfalme, mwenyeji. Aidha, makala yanaonyesha kwamba mtazamo huo si mgeni katika eneo la Homa Bay na Migori, kaunti mbili za kusini-magharibi mwa Kenya ambazo zamani zilikuwa katika wilaya moja ya Nyanza Kusini. Eneo hilo lina visakale vyake vyenye umbo hilo hilo, na katika miaka ya 1960 lilishuhudia vuguvugu la kidini ambalo lilimpa mnyonge nafasi asiyokuwa nayo kwingineko.

Unyonge, Umaskini na Unyenyekevu

Kabla ya kuyachambua masimulizi yenyewe, ni muhimu kutofautisha dhana tatu ambazo huchanganywa mara kwa mara. Umaskini ni hali ya kukosa mali. Unyenyekevu ni tabia: mtu anaweza kuwa tajiri na bado akawa mnyenyekevu. Unyonge ni uhusiano. Mtu huwa mnyonge mbele ya mtu mwingine, kwa sababu huyo mwingine ana sauti, nguvu au cheo ambacho yeye hana. Mfalme akibaki peke yake jangwani hakuna wa kumwita mfalme. Vivyo hivyo, hakuna mnyonge pasipo mtu wa kumdharau.

Tofauti hii ina uzito katika usomaji wa Biblia. Katika tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952, ijulikanayo kama Union Version, Mariamu anapomsifu Mungu katika Injili ya Luka, neno lililochaguliwa ni "unyonge". Hapo Mariamu hajisifu kwa tabia yake njema ya unyenyekevu. Anaitaja nafasi yake katika jamii, yaani nafasi ya msichana wa kijijini asiyehesabiwa na wakuu. Msomaji akilibadilisha neno hilo moyoni mwake likawa "unyenyekevu", wimbo wa Mariamu hugeuka kuwa somo la adabu. Akiliacha kama lilivyo, unabaki kuwa shtaka dhidi ya waliomfanya asihesabiwe.

Mtazamaji katika Masimulizi ya Biblia

Mfano ulio wazi zaidi ni wa kuteuliwa kwa Daudi katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16. Nabii Samweli anafika Bethlehemu nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme mpya. Yese anawapitisha wanawe saba mbele yake. Wa nane hakuitwa; yuko malishoni na kondoo. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika kisa hiki Daudi hasemi neno lolote. Wanaojaribiwa ni wawili. Wa kwanza ni baba, ambaye alipoambiwa alete wanawe hakumhesabu mmojawapo. Wa pili ni nabii mwenyewe, ambaye alimwona Eliabu, akavutiwa na kimo chake, akadhani ndiye. Kinaya cha msimulizi ni kikali, kwa kuwa kazi ya nabii ni kuona, na hapa anayekosea kuona ni nabii.

Mfano wa pili ni wa Gideoni katika Kitabu cha Waamuzi. Anapoitwa, anapura ngano mafichoni kwa kuwaogopa Wamidiani, na anajitetea kuwa yeye ni mdogo kabisa katika nyumba ya baba yake. Hata baada ya kukusanya jeshi la watu 32,000, linapunguzwa hadi 10,000, kisha hadi 300. Sababu inatolewa ndani ya masimulizi yenyewe: watu wasije wakajisifu kwamba wamejiokoa kwa mkono wao. Kwa hiyo uchache wa jeshi umekusudiwa kuyafumbua macho ya Israeli kabla ya kuwashangaza Wamidiani.

Hata hivyo, huenda hakuna kisa kinachoifafanua hoja hii vizuri zaidi kuliko kile cha Naamani katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Naamani ni jemadari wa Shamu, mtu mkubwa, naye ana ukoma. Nyumbani mwake kuna msichana mdogo aliyetekwa kutoka Israeli, anayemtumikia mkewe. Msichana huyu ana kila sababu ya kumtakia mabaya bwana aliyemtenga na kwao, lakini ndiye anayesema kwamba Samaria kuna nabii awezaye kumponya. Baada ya hapo masimulizi yanajaa wakubwa na makosa yao. Mfalme wa Shamu anaandika barua kwa mfalme mwenzake badala ya kumtafuta nabii. Mfalme wa Israeli anararua mavazi yake akidhani anachokozwa. Naamani anakasirika kwa kuambiwa aoge mara saba katika Mto Yordani, kwa kuwa anaona kwao kuna mito bora zaidi. Wanaomtuliza ni watumishi wake. Yaani kila palipokwama, pamekwamuliwa na mtu wa chini. Jemadari anapona na kurudi kwao, na msichana hatajwi tena. Hana jina, na hakuna tuzo yoyote anayopewa. Anayetafuta katika kisa hiki ahadi ya kupandishwa cheo hataipata. Atakachokipata ni swali: nani nyumbani mwa Naamani alikuwa na sikio la kumsikia kijakazi?

Agano Jipya linaendeleza mtindo huo. Katika ukoo wa Yesu, Mathayo anawataja, mbali na Mariamu, wanawake wanne ambao mwandishi mwenye kutaka sifa angewaficha: Tamari, Rahabu wa Yeriko, Ruthu Mmoabi, na mke wa Uria. Nathanaeli anatilia shaka kama Nazareti inaweza kutoa kitu chema. Wanawake wanaporudi kutoka kaburini na habari za ufufuo, mitume wanaziona kama porojo. Tena mshangao umewekwa upande wa wasikilizaji. Upeo wa mtindo huu umo katika Mathayo 25, katika maono ya hukumu. Hapo waliowalisha wenye njaa na waliowanyima wanauliza swali lile lile: ni lini tulikuona? Makundi yote mawili hayakumtambua. Kilichowatenganisha ni namna kila kundi lilivyompokea mtu ambaye halikumjua.

Bikizee wa Simbi na Mvuvi wa Gwasi

Msomaji aliyelelewa kando ya Ziwa Victoria, upande wa Homa Bay, anapoyasoma masimulizi hayo huenda akajihisi amewahi kuyasikia. Karibu na mji wa Kendu Bay lipo ziwa dogo la magadi, la mviringo, linaloitwa Simbi Nyaima. Kijiolojia, ziwa hilo limekaa katika kreta ya volkeno. Katika kisakale cha Waluo, hapo palikuwa na kijiji cha Simbi, na neno "nyaima" linabeba habari ya kijiji hicho kuzama.

Kisakale chasimuliwa kwa namna nyingi, ila kiini chake ni kimoja. Usiku wa sherehe, watu wakila, wakinywa na kucheza ngoma, bikizee mmoja mchovu, mchafu, mwenye njaa, alifika kijijini kuomba chakula na mahali pa kulala. Alifukuzwa kila mlango. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha. Bikizee alimwonya mwenyeji wake aondoke pamoja na jamaa yake. Usiku ule maji yakapanda, kijiji kikazama pamoja na ngoma zake.

Kisakale cha pili ni cha Nyamgondho mwana wa Ombare, kinachosimuliwa huko Gwasi, kwenye ufuo wa ziwa. Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara. Siku moja alinasa bikizee mwenye jicho moja. Alitaka kumrudisha majini, lakini bikizee akaomba achukuliwe nyumbani, naye akakubali. Tangu hapo boma lake lilijaa ng'ombe, mbuzi na kondoo, akawa tajiri wa kutajika. Kisha akawa mlevi. Usiku mmoja alirejea akamtukana bikizee yule na kumkumbusha kwamba alimtoa ziwani. Bikizee akaondoka kuelekea majini, na mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho alibaki ufuoni akitazama mali yake ikizama, mpaka akageuka mti.

Mfanano na Biblia uko wazi. Simbi Nyaima inakumbusha Sodoma, ambako wageni walidhulumiwa na nyumba moja tu ikaokolewa. Pia inakaribiana, kwa upande wa pili, na kisa cha mjane wa Sarepta, aliyempikia nabii Eliya unga wake wa mwisho na unga ule usiishe. Waswahili wameufupisha mkasa wa mjane yule kwa maneno manne: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuwa mwangalifu. Kufanana hakuthibitishi kukopana. Visa vya mgeni aliyejificha katika umbo duni hupatikana katika jamii nyingi duniani, kuanzia Wagiriki wa kale. Tena kisakale kinachosimuliwa kwa miongo mingi na watu waliobatizwa hakiwezi kukosa kuathiriwa na mahubiri. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba masimulizi hayo mawili huishi katika hadhira moja, na kila moja humsaidia msikilizaji kulielewa jingine.

Swali la kuvutia zaidi ni hili: kwa nini bikizee? Jibu moja limo katika utaratibu wa utambaji wenyewe. Katika jamii ya Waluo wa zamani, watoto, hasa wasichana, walikusanyika usiku katika siwindhe, yaani nyumba ya mwanamke mkongwe aliyeitwa pim. Huko walisikia sigana, yaani ngano, na kufundwa desturi na maadili. Kwa hiyo fanani aliyesimulia habari za bikizee aliyefukuzwa mlangoni angeweza kuwa yeye mwenyewe bikizee, asiye na nguvu za kulima wala ng'ombe wa kuhesabiwa. Kisakale kilikuwa njia yake ya kuwaambia watoto, pasipo kujitaja, kwamba anayeonekana kuwa hana kitu ndiye aliyeishikilia hatima ya kijiji. Hapo fani na maudhui hukutana: msimulizi na mhusika ni wa hadhi moja.

Kutoka Gendia hadi Got Kwer

Ukristo ulipoingia eneo hili, nao uliletwa kwa sehemu na watu ambao historia haiwataji sana. Mwaka 1906, wamisionari wa Kanisa la Waadventista wa Sabato walianzisha kituo huko Gendia, si mbali na Simbi Nyaima. Jina linalokumbukwa zaidi ni la Arthur Carscallen. Lakini Carscallen hakuja peke yake. Aliandamana na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Ni sawa na yule msichana wa nyumbani mwa Naamani: kazi inakumbukwa, mmoja wa walioifanya anatajwa kwa kupita.

Miaka takriban hamsini na sita baadaye, katika Nyanza Kusini, likazuka vuguvugu la Legio Maria. Jina lake linatokana na Legio ya Maria, chama cha walei wa Kanisa Katoliki kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921 na kuletwa Afrika Mashariki mwaka 1936. Waasisi wanaotajwa zaidi ni wawili: Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Aoko alikuwa mwanamke wa miaka ishirini hivi. Kama historia yake inavyosimuliwa, alifiwa na watoto wake wawili siku moja. Kutokana na msiba huo akainuka, na mnamo 1963 alikuwa akihubiri, akiwaombea wagonjwa, akiwataka watu wazitupe hirizi, na kubatiza. Maelfu walimfuata. Wengi wao walikuwa watu waliowekwa pembeni na masharti ya misheni, wakiwamo wake na waume wa ndoa za mitala ambao hawakuruhusiwa kupokea sakramenti.

Ondeto aliweka makao yake Got Kwer, katika Migori ya leo. Alifariki mwaka 1991 na kuzikwa huko, na mlima huo umekuwa mahali pa hija. Waumini wake humtukuza kwa cheo ambacho makanisa mengine hayakikubali, na si kazi ya makala ya fasihi kuamua mgogoro huo. Linalohusu fasihi ni masimulizi. Miongoni mwa waumini wa Legio Maria yamo masimulizi yanayomhusisha Mariamu, mama wa Yesu, na bikizee aliyezuru vijiji vya Waluo, na hata na yule bikizee wa Simbi Nyaima. Yaani msichana mnyonge wa Injili ya Luka na ajuza aliyefukuzwa kwenye sherehe wamekuwa mhusika mmoja. Hapo waumini wamefanya kazi ya uhakiki linganishi: wameutambua umbo ulio sawa katika masimulizi mawili, wakayaunganisha.

Mnyonge Akishakwezwa

Baada ya mnyonge kukwezwa, naye hugeuka mtazamaji, na mizani humgeukia. Biblia haimfichi msomaji jambo hili. Sauli, aliyejiona mdogo alipoitwa, anaambiwa na Samweli kwamba amesahau udogo ule. Gideoni anatengeneza naivera ya dhahabu ambayo inakuwa mtego kwa nyumba yake. Daudi, mtoto ambaye hakuitwa nyumbani kwa baba yake, anapokuwa mfalme anamchukua mke wa Uria na kupanga Uria auawe. Nyamgondho ni ndugu yao. Alimsahau bikizee kwa sababu alisahau kwanza kwamba yeye mwenyewe alikuwa fukara. Waswahili wanaonya: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Hata katika Legio Maria mkondo huo waonekana. Aoko, aliyebatiza watu kwa mikono yake, baadaye alijitenga na kundi la Ondeto, na katika utaratibu uliokuja kuimarika ukasisi ulibaki kuwa wa wanaume. Si ajabu ya Legio Maria pekee. Makanisa mengi yaliyoanzishwa na wasiohesabiwa yamekuja kuwa na wasiohesabiwa wao.

Ni nini basi humrejesha aliyekwezwa kwenye kumbukumbu yake? Biblia inatoa jibu ambalo mwanafunzi wa fasihi hapaswi kulipita. Nabii Nathani anapotumwa kwa Daudi, hamsomei sheria. Anamsimulia kisa cha tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi, aliyekuwa mchungaji, anakasirika na kutoa hukumu kabla ya kujua kwamba anajihukumu mwenyewe. Kisa kimefanya ambacho amri haingeweza: kimemrudisha mfalme malishoni, akamwona maskini kwa macho ya zamani. Kazi ya pim katika siwindhe ilikuwa iyo hiyo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba masimulizi ya wateule wanyonge, yawe ya Biblia au ya Homa Bay na Migori, humtahini anayemtazama mnyonge kuliko yanavyomwahidi mnyonge cheo. Hoja hii si ya darasani tu. Mnamo Mei 2008, katika eneo la Kisii linalopakana na kaunti hizo mbili, watu 11, wengi wao wanawake wakongwe, waliuawa na umati kwa kuchomwa moto baada ya kushukiwa kuwa wachawi. Wauaji waliishi katika nchi yenye makanisa kila upande, na bila shaka wengi wao waliwahi kusikia habari za Eliya na mjane. Walizisikia, pengine, kama habari za watu wa mbali waliobarikiwa. Hawakuzisikia kama swali linaloulizwa mlangoni pao.

Ndiyo sababu ufundishaji wa masimulizi haya una wajibu wa kuzingatia msuko na mtazamo, wala usitosheke na kuorodhesha mafunzo. Mwanafunzi anayeulizwa, "Daudi alikwezwa vipi?" atajibu na kusahau. Anayeulizwa, "Kwa nini Yese hakumwita?" atalazimika kuwatazama watu wa nyumbani kwake. Ziwa la Simbi bado lipo karibu na Kendu Bay, na maji yake hayakumbuki jina la bikizee. Wanaosimulia ndio wanaopaswa kukumbuka kwamba alibisha hodi, na kwamba katika kijiji kizima ni mlango mmoja tu uliofunguliwa.